Chini ya Tepu ya Buluu

Kwako kaka yangu,

Salamu za mdogo wako zikufikie hapo ulipo, na zikukute umekaa kitako, maana nina maneno mengi. Hali yako vipi? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kila ukiinama nyuma ya makabati, umepona au umehama nao? Sisi huku tunaamka, tunakula na tunalala, kwa hiyo nikisema hatujambo sitakuwa nimedanganya sana. Mpwa wako amekua. Meno ya mbele yameng'oka na anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Anajua ana mjomba, ila hajui kwa nini mjomba haji.

Najua utajiuliza nimeipata wapi anwani ya karakana yako. Nimeipata kwa dereva mmoja aliyekuja kutuletea kiyoyozi kipya kazini. Alisema huko alikotoka yupo fundi wa pampu anayezungushia tepu ya buluu kila waya anaougusa, kisha anakunja ncha ya tepu iwe kama kijiulimi, ili atakayekuja baadaye apate pa kushika. Nilimwambia mtu huyo namjua. Dereva akasema basi dunia ndogo, akaniandikia anwani kwenye boksi la kiyoyozi. Namba ya simu ningeweza kuitafuta, lakini simu zote za mji huu zinapita kwenye mashine yetu ile ile, na maneno haya sitaki yapite pale.

Kazi bado nipo. Siku hizi nami ni fundi kamili, sibebi tena ngazi za watu. Rangi yangu ni nyeupe. Ule utaratibu wenu haukufa: anayebadilisha waya anaufunga tepu ya rangi yake ncha zote mbili, angali mezani, kabla hajaupeleka kwenye kabati, ili likitokea la kutokea ijulikane wa kuulizwa ni nani. Shemeji yako bado ni njano. Amepanda cheo, ni msimamizi wetu sasa, ana kiti kinachozunguka na kikombe chenye jina lake. Vijana wa zamu wanamwita Bwana Taratibu, kwa sababu kila mtu akishika bisibisi yeye husema taratibu, taratibu. Na mimi nilikuwa nacheka nao.

Juzi juzi meneja alitoa agizo kwamba nyaya zote za umeme za ruta kubwa, zile mashine zinazopitisha simu za mji, zibadilishwe. Ngozi za nyaya hizo zimekauka, ukiupinda waya unasikia unalia kama kuni kavu. Kazi tuligawana. Shemeji yako akasema kabati la mwisho, lile la ruta kuu, tumwachie yeye, kwa kuwa lina uzito na asingependa mke wake alaumiwe likizimika. Kaka, niliona raha. Nilikwenda nikamsifia kwa mama wa stoo kwamba mume wangu hata kazini ananilinda. Mama wa stoo akanijibu kwamba wanaume wa hivyo wamekwisha, nishike sana nilichonacho.

Makabati mengine yakaisha. La mwisho likabaki. Leo ana kikao, kesho ana ripoti, keshokutwa funguo hazionekani. Meneja akaanza kukunja uso. Asubuhi moja shemeji yako akaitwa makao makuu, meneja akaja moja kwa moja mezani kwangu akasema hawezi kungoja tena, nichukue nyaya mpya niimalize kazi hiyo kabla ya mchana. Nilizifunga nyaya zangu tepu nyeupe ncha zote, nikavaa mkanda wa kifundo cha mkono, ule wa kuondoa umeme mwilini, nikaubana kwenye chuma cha kabati, nikaenda.

Nilifanya kama ulivyonifundisha kwenye meza ya chakula, kwa pasi ya mama na birika la umeme, mama akigomba kwamba tutamuunguzia vyombo. Mashine inalishwa kwa nyaya mbili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na njia yake ya umeme, ili mmoja ukitoka mwingine ubebe. Kabla hujagusa wa kulia unatazama taa ya kushoto. Ikiwa kijani, unazima swichi ya kulia, unauchomoa waya upande wa mashine, unachomoa na upande wa umeme, unapachika mpya, unawasha, halafu unangoja taa yake iwe kijani na itulie. Hapo ndipo unageukia wa kushoto. Mkono kwenye huu, jicho kwenye ule, ndivyo ulivyokuwa ukisema, na ukinikuta naangalia mkono ulikuwa unanipiga konzi.

Taa ya kushoto ilikuwa kijani. Nikazima ya kulia, nikauchomoa ule waya wa zamani. Ulikuwa na tepu ya buluu. Ni waya ule ule, kaka. Ule wa siku ile. Tangu wewe uondoke hakuna mtu aliyeugusa, na mimi kila nilipopita nyuma ya kabati lile nilikuwa nageuza uso pembeni. Usinionee huruma, nakueleza ilivyokuwa. Nilikuwa naichukia ile tepu kuliko kitu chochote katika jengo lile.

Unajua nilikuwa wapi mashine ilipozimika. Nilikuwa kliniki, mimba ikiwa kubwa, nimekaa kwenye benchi la mbao nangoja kuitwa. Shemeji yako alifika akihema, jasho linamtoka mpaka kwenye kola. Nilidhani amekimbia kwa ajili yangu. Nilimpa kitambaa changu ajifute. Watu kwenye foleni walianza kulalamika kwamba simu hazina mtandao, naye akaitazama simu yake, akaizima, akaitia mfukoni. Wakati huo baba alikuwa sakafuni jikoni ameshika kifua, na mama amesimama juu yake anabonyeza namba ya gari la wagonjwa, anabonyeza tena na tena, simu haiiti. Alitoka mbio barabarani bila viatu. Mpaka alipopata gari la mtu, baba alikuwa ameshatutoka.

Jioni ikajulikana kwamba fundi alichomoa waya wa kulia wa ruta kuu bila kutazama taa ya kushoto, na njia ya kushoto ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Fundi huyo akasema mwenyewe mbele ya meneja kwamba ni yeye. Waya mpya ulikuwa na tepu ya buluu ncha zote, nani angebisha? Kibarua chako kikaota nyasi siku hiyo hiyo. Na mazikoni mama alisema yale aliyoyasema, mbele za watu, wewe umesimama nyuma ya umati umeinamisha kichwa. Nami nilikuwa nimemshika mama mkono, sikufungua mdomo kukutetea. Ningekutetea kwa lipi? Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama taa.

Basi asubuhi hiyo nilipoushika waya ule mkononi, damu ilinichemka upya. Nikataka kuibandua ile tepu niitupe kwenye pipa kabla waya haujaenda stoo. Nilishika kile kijiulimi chako nikavuta. Ikatoka yote, laini, kama ulivyotaka itoke. Chini yake kulikuwa na njano.

Nilisimama. Nikajiambia labda ni kipande cha waya wa zamani kilichotumika tena, watu hubana matumizi. Nikaenda upande wa pili, kwenye ncha ya umeme, nikabandua na ile. Njano. Imezungushwa mara mbili, haina kijiulimi, imekatwa kwa meno. Kaka, yule mtu nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Nimemwona akikata tepu kwa meno akifunga madaftari ya mtoto, nikamgombeza kwamba ataharibu meno. Jino lake la pembeni limeliwa ncha, na tepu aliyoikata hubaki na kona iliyochanika. Ile kona nilikuwa naitazama.

Lakini mashine haingoji mtu alie. Nikapachika waya mpya, nikawasha swichi, nikasimama hadi taa ya kulia ikawa kijani ikatulia. Nikageukia wa kushoto, nikaubadilisha nao vile vile. Hakuna simu hata moja iliyokatika. Nilipomaliza ndipo nikakaa chini nyuma ya kabati, kwenye ule upepo wa baridi, nikalia mpaka mkanda ukanibana mkono. Nilisahau kuuvua.

Sikumngoja afike nyumbani apumzike. Alipoingia nilimwekea tepu mezani, mahali pa sahani. Hakuniuliza ni nini. Alivuta kiti, akakaa, akashika tama. Kwanza alisema nisitoneshe vidonda vya zamani. Halafu alisema ni wewe uliyetaka. Alisema alipouchomoa ule waya na taa zote zikafa, wewe uliingia, ukamwona anatetemeka, ukamwambia aende kliniki, mke wake anangoja, mambo ya huku utayamaliza. Alisema ni wewe uliyeupachika ule waya wake mpya, ukabandika tepu yako juu ya yake ukamwambia asiseme neno, kwa sababu yeye anatarajia mtoto na wewe huna hata paka wa kumlisha. Halafu akasema jambo lingine. Alisema alikuwa na haraka siku ile kwa sababu asubuhi nilimwomba asinicheleweshe kliniki. Kumbe na mimi nilikuwa na fungu langu, na nilikuwa sijapewa tu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa anangoja wakati mzuri. Kaka, nilicheka. Nilicheka mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini.

Nilikwenda kwa meneja na zile tepu. Alinisikiliza vizuri, akanipa na kiti. Kisha akasema kesi ile ilifungwa zamani, aliyekosa alikiri kwa kinywa chake, na kampuni haiwezi kuanza kufukua mambo kwa ajili ya vipande viwili vya plastiki. Akaniuliza kama waya mpya unafanya kazi sawasawa. Nikasema unafanya. Akanishukuru. Kwa hiyo shemeji yako bado anazunguka kwenye kiti chake na mimi bado nipo chumba kile kile, tunazungumza habari za nyaya na si zaidi. Watu wanadhani tumenuniana kama mke na mume wanavyonuniana. Mimi na mtoto tumehamia kwa mama.

Sasa sikiliza, maana mpaka hapa umesoma ukidhani naandika kukuomba radhi. Siandiki kwa hilo. Nina hasira na wewe. Ulipobandika tepu ile hukujua kwamba baba yuko sakafuni, hilo nakukubalia. Ulidhani unapoteza kazi tu, na kazi utapata nyingine. Lakini jioni ulijua. Ulijua mbele ya jeneza. Ulimtazama mama akikutoa katika watoto wake, ukamtazama na yule aliyebeba jeneza upande wa mbele, mahali pako, ukaniacha nirudi naye nyumbani nimpikie. Ulinichagulia mume asiyeweza kunitazama machoni, ukaniita mwenye bahati. Mlikaa watu wawili mkagawana maisha yangu kama mnagawana zamu, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Ningeachana naye, niwe mjane wa mtu aliye hai? Sawa. Ningelea mwenyewe? Wangapi wanalea wenyewe. Lakini ningekuwa na kaka, na mama angekuwa na mtoto wa kiume. Usiniambie ulifanya kwa upendo. Najua ulifanya kwa upendo, ndiyo maana nashindwa kulala.

Kuna jambo nimelikwepa tangu mwanzo wa barua hii. Ni habari ya mama, na hujaisikia kwa sababu hakuna wa kukuambia.

Mama anasahau. Ilianza na funguo na sufuria jikoni, sote tukasema ni uzee na huzuni. Sasa ni zaidi ya hapo. Daktari alitueleza kwamba ya zamani yatakaa, ila mapya hayatashika, na tusimgombeze. Anajua jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Anajua rangi ya gari lililombeba baba. Ukimwambia kwamba mvua imenyesha, baada ya chai anakuuliza kwa nini uani kumelowa.

Siku niliyohamia kwake nilimkalisha nikamweleza yote, polepole, nikamwonyesha na tepu. Alielewa, kaka. Kichwa kilikuwa safi kabisa. Alizishika zile tepu, akazigeuza geuza, akauliza maswali ya mtu mwenye akili zake. Kisha akataja jina lako. Tangu mazishi sikuwahi kulisikia katika kinywa chake. Alilia, akasema amemlaani mtoto wake bure, akaniagiza nikutafute popote ulipo. Alilala ameshika mkono wangu, nami nikasema ahsante Mungu, hili angalau limenyooka.

Asubuhi aliamka, akanywa chai, akaniuliza yule mkwe wake mwema yuko wapi, mbona haji kumsalimu, yeye ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki naye. Nilikutaja wewe. Akakunja uso, akasema nisimtajie muuaji wa mume wake mezani.

Nikamweleza tena. Akalia tena, upya, kama mtu anayepewa habari kwa mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ya kwanza. Asubuhi iliyofuata ikawa vile vile. Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Ninaamka, ninamwondolea hasira, anakupenda hadi usiku, halafu usiku unamrudishia hasira yake nzima. Mpwa wako ameshaizoea, juzi alisema bibi leo bado hajaambiwa. Kuna siku ninachoka, ninaiacha asubuhi ipite amekulaani, kwa sababu sina nguvu ya kumwona akilia.

Kwa hiyo nakuita nyumbani. Sikuiti uje usamehewe, hapa hakuna msamaha unaodumu zaidi ya siku moja. Wala sikuiti nikusamehe mimi, bado sijafika huko. Ile tepu uliibandika wewe. Njoo uibandue wewe, mbele yake, asubuhi kwa asubuhi, uyapokee matusi yake kabla ya chai na mikono yake baada ya chai. Mimi nimekusaidia vya kutosha. Chumba chako kipo, nimetoa maboksi, na kitanda nimekikaza misumari kwa ajili ya mgongo wako.

Mpwa wako anakusalimu na anauliza kama mjomba anajua kutengeneza baiskeli. Mama wa stoo anakusalimu, siku hizi ananitazama kwa huruma na hasemi tena habari za wanaume waliokwisha. Na mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri, uvae kitu kizito kifuani, na usikawie kuja. Salamu hizo alinipa jana jioni. Leo asubuhi, nilipomuuliza kama niziandike, aliniuliza namwandikia nani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Mkia kwa kukufuata kila uendako, isipokuwa huko.